Safu ya Shangazi: Wavuvi 12 hawanisikii, na filimbi nimeshanunua

Shangazi shikamoo, pole na majukumu. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo nimebanwa pabaya.

Ni kijana wa miaka 28, niko hapa Igombe, Ilemela. Mama mdogo ana mitumbwi mitatu ya dagaa, kila mtumbwi watu wanne pamoja na nahodha, jumla wavuvi 12. Zamani ilisimamiwa na mzee mmoja, mgongo ukamsumbua akarudi kwao Ukerewe, mama mdogo akaniambia we umesoma kidogo na ni damu yangu, simamia. Tangu mwezi wa tatu ndo nasimamia mimi. Yeye mwenyewe yuko Sengerema ana duka lake huko, zamani kuja huku mpaka apange foleni ya kivuko, siku hizi daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa anaweza akatokea saa yoyote, na hilo nalo linaninyima raha kusema ukweli.

Sasa shangazi hawa wavuvi hawanisikii. Mwanzoni walikuwa wananiita bosi, sa hivi bado wananiita bosi ila wanalitamka huku wanatazamana. Giza lililopita, yani zile siku mwezi haupo ndo tunavua dagaa kwa taa, mitumbwi ya jirani inarudi na ndoo 25 mpaka 30, ya kwetu 14, siku nyingine 11, na wanavua maji yale yale, tena taa za kwetu nzuri kuliko zao maana nazitengeneza mwenyewe, mi kwenye betri na taa hakuna wa kunibishia hapa mwaloni mitumbwi inapotua, hata mitumbwi ya watu wengine wananiletea. Kuna mtu kaninong'oneza kwamba wanauza dagaa huko huko juu ya maji kabla hawajafika nchi kavu, kuna watu wanawafuata na mtumbwi wanachukua ndoo kadhaa wanalipa keshi, basi.

Nimejitahidi sana. Nimeangalia video nyingi za uongozi kwenye simu, nikaandika sheria kumi nikaziprinti nikazilamineti nikazibandika bandani. Nikanunua filimbi, nikipuliza kila mtu awe amesimama pale. Nikaweka faini ya 10,000 kwa atakayechelewa kuja kuandaa nyavu. Siku naisoma hiyo ya faini nahodha mmoja mtu mzima kabisa akasema bosi hamna shida, faini tutakulipa ukiamka. Wote wakacheka, nilijisikia vibaya shangazi sitaki kukudanganya. Nikafoka, nikawaambia atakayeingia majini bila laifujaketi nae sheria itamhusu, wakacheka tena, sijui hapo walichekea nini.

Hilo la kuamka wananionea tu. Ni kweli mitumbwi inaingia saa 11 saa 12 alfajiri na mi mara nyingi nafika saa 3, ila kuna dogo nimemwacha pale ananihesabia ndoo ananitumia meseji. Usiku nachelewa kulala kwa sababu ya mechi, na mkeka wa kubeti huwa nacheza, sio sana. Mgao wao nawapa nikipata nafasi, hawajawahi kulala njaa.

Nilimwomba mama mdogo ruhusa nifukuze wote 12 nilete vijana wapya kutoka Kayenze. Akasema sawa, ila kwanza nimletee hesabu ya miezi miwili. Hesabu ipo, ipo kichwani, daftari liliishia mwezi wa nne. Kuna 180,000 ya petroli niliazima, ilikuwa dharura kidogo, nitairudisha giza lijalo.

Naomba unishauri shangazi, nifanyeje hawa watu wanitii? Au nitafute mgambo awe anashinda pale?

Msimamizi Niliyechoka, Igombe.

---

Marahaba mwanangu, mwangaluka.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilicheka filimbi, nisamehe, ila watu wazima waliokesha majini wanarudi macho mekundu vidole vimekunjamana kwa baridi afu mtu anawapulizia filimbi kama darasa la tatu, hata we ungecheka. Ya pili nilikasirika. Ya tatu nikachukua kalamu nikapiga mstari chini ya maneno yako mwenyewe, naomba tuyasome wote: "mara nyingi nafika saa 3." "Sio sana." "Nikipata nafasi." "Ipo kichwani." "Dharura kidogo."

Umeniuliza habari za watu 12, ila barua yote imejaa habari za mtu wa 13, ambaye anachelewa kazini, anachukua cha tajiri bila ruhusa, hatoi hesabu na akiulizwa ana sababu. Huyo hujamwekea faini wala hujaomba ruhusa ya kumfukuza. Nyani haoni kundule, sikusemi kwa ubaya.

Hebu fikiria yule mvuvi wako anayeuza ndoo tatu juu ya maji. Unadhani akiwa kule anajiita mwizi? Anajiambia mtoto anaumwa, mgao umechelewa, tajiri hatajua, nitafidia siku dagaa wakiwa wengi. Yani dharura kidogo. Maneno yenu ni yale yale, tofauti we umechukua petroli yeye kachukua dagaa. Na usijidanganye kwamba hawajui, mwaloni hamna siri, anayekuuzia petroli anajua ulinunua lita ngapi na nahodha anajua zilizofika kwenye injini. Hawajui tu kiasi. Kule kucheka wakati wa laifujaketi na mimi najua walichekea nini ingawa sikuwepo, hebu niambie, we ukitoka na mtumbwi kwenda kujaribu taa zako huwa unavaa?

Mimi nimeuza dagaa pale Mwaloni Kirumba miaka mingi kabla sijaanza kazi hii ya kusoma matatizo ya watu. Nilikuwa na binti wa kazi, nikamwambia mara mia, ukiona wingu limejikusanya upande wa ziwa anza kufunika, usisubiri tone. Dagaa wakilowa wakiwa nusu wamekauka unawajua, wanageuka rangi wanaanza kunuka, kuanzia hapo mteja wako ni mtu wa chakula cha kuku na bei anapanga yeye. Siku hiyo mimi niko ndani ya banda napiga stori na mwenzangu, habari ya harusi ya mtu, tunacheka, mvua ikashuka. Nimetoka mbio nimekuta binti kasimama mlangoni kashika turubai mkononi, halijakunjuliwa. Nikamfokea mpaka watu wakasogea. Akanijibu kwa upole kabisa, "mama nilikuona umeliona wingu ukarudi ndani nikajua bado." Magunia mawili yaliharibika. Nilitaka kumkata mshahara, nikashindwa, maana ni kweli, nililiona lile wingu na nikarudi ndani. Yule binti hakuwa anafuata maneno yangu, alikuwa ananiangalia mimi nafanya nini, na wako ndo hivyo hivyo wanakuangalia, wale 12 na yule dogo wa meseji.

Naomba nikupe mfano wa mtu mkubwa afu tuingie kwenye kazi, huyu ni jirani yetu wa ziwa hili hili upande wa Mara. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar waliandamana mpaka Ikulu kugomea masharti ya kwenda JKT, na hela ilikuwemo kwenye ugomvi. Mwalimu Nyerere alikasirika akawarudisha makwao karibu 400. Kama ilikuwa haki kuwarudisha watu wanabishana mpaka leo na mimi siingii. Ila siku ile ile alisema hata mishahara ya wakubwa imezidi, akaanza kukata wa kwake kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata, 1967, likaja Azimio la Arusha na masharti ya viongozi, usiwe na mishahara miwili, usiwe na nyumba za kupangisha. Unaweza usikubaliane na siasa zake, lakini hakuna aliyeweza kumwambia "faini tutakulipa ukiamka".

Haya tuje Igombe.

Cha kwanza ni ile 180,000, na sio ya giza lijalo, ni ya wiki hii. Nenda Sengerema. Usipige simu, usitume meseji ndefu ya maelezo, panda gari uvuke uende ukakae naye dukani, wateja wakipungua umwambie: mama mdogo, hela ya petroli laki moja na themanini niliitumia mimi, daftari halijaandikwa tangu mwezi wa nne, nataka nilipe kutoka kwenye fungu langu, kiasi hiki kila giza, naomba uandike hapa na usaini. Hayo tu, usimwelezee mechi wala dharura asipouliza. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na walisema pia njia ya mwongo ni fupi, sasa we ya kwako wameshaifupisha zaidi kwa daraja. Akikufokea nyamaza, ana haki. Akikunyang'anya kazi itauma, ila afadhali akunyang'anye kwa ulichomwambia kuliko kwa alichogundua. Mi naona hatakunyang'anya. Amekuomba hesabu kabla hujaomba msamaha, mwanamke wa biashara akisema "niletee hesabu" ameshaanza kunusa.

Na hesabu ya miezi iliyopotea usiitunge, nakuomba sana. Andika unachokikumbuka, usichokikumbuka andika sikumbuki. Daftari lenye mapengo tajiri anaweza kulivumilia, ila lililojaa namba nzuri nzuri zote zinazoishia na sifuri anajua limepikwa jana usiku.

Cha pili, jiangalie kabla hujajirekebisha. Wasomi wa mambo ya kazi huko Marekani walianza kuliandikia hili la mtu kujiongoza mwenyewe miaka ya 1980, na kitu cha mwanzo kabisa wanachokitaka ni mtu ajichunguze, awe kama msimamizi wa nafsi yake, maana huwezi kubadilisha usichokijua. Sa hivi mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanapumzika na we una nafasi. Chukua kijidaftari cha mia tano, siku saba uandike vitu vitatu tu: nimelala saa ngapi, nimeamka saa ngapi, na hela iliyotoka mfukoni imeenda wapi, mkeka nao uwemo. Usijihukumu, we andika tu. Neno lako "sio sana" nataka uligeuze liwe tarakimu, pengine kweli sio sana, pengine utakuta ndo ile laki moja na themanini yenyewe inakuangalia.

Giza likianza sasa ndo kazi. Usiape kwamba kuanzia leo maisha yako yote utaamka saa 10, viapo vya hivyo mi nimeviona vinaishi siku nne. Jipe giza moja tu. Giza hili mtumbwi wangu wa kwanza ukigusa mchanga utanikuta nimesimama, basi. Na usitegemee kujisikia vizuri ndo uamke, saa 10 alfajiri hakuna anayejisikia vizuri. Panga mambo usiku: ikifika saa 4 simu inaenda kuchajiwa kwa jirani, haichajiwi kitandani kwako, mechi ikiwa haijaisha matokeo utayakuta asubuhi hayajaoza. Kengele nunua ile saa ndogo ya mezani weka mbali na mkono. Mabuti na tochi viwe mlangoni. Hata aliyenizidi dini, akitaka kuwahi sala ya alfajiri, anaacha kandambili mahali anapoziona.

Afu kuna kitu umekiandika kwenye mabano ya moyo wako kama hakina maana na mi nimekiona ndo cha thamani kuliko sheria zote kumi. Taa. Umesema kwenye taa na betri hakuna wa kukubishia mpaka watu wa mitumbwi mingine wanakuletea. Sasa kwa nini mwanangu unaenda mwaloni na filimbi badala ya kwenda na bisibisi? Alfajiri mitumbwi ikiingia we pokea taa. Shika moja moja, uliza hii ilifanyaje usiku, ilififia saa ngapi, betri ipi ilikufa mapema, weka pembeni ya kutengeneza. Hapo utakuwa unafanya unachokipenda, kwa hiyo kuamka kutakuwa rahisi, na macho yako yatakuwa mita mbili kutoka kwenye ndoo bila mtu kuona umekuja kumlinda. Na nahodha aliyekesha akiona bosi kashika taa yake saa 11 na jasho, ah, hapo hutahitaji kufoka. Video hazikukwambia hili kwa sababu hazijui kama we ni fundi.

Ndoo mzihesabu pamoja, wewe na nahodha wa mtumbwi, unaandika mbele yake, anasaini au anaweka dole gumba. Mgao utoke siku mliyokubaliana sio ukipata nafasi. Hapa nikwambie wazi, hili la mgao ndo nashuku linawauzisha dagaa majini kuliko tamaa. Mtu ana watoto, mwenye mtumbwi wa keshi anamfuata anamlipa palepale giza halijaisha, we unamlipa ukiamka. Mwite nahodha yule mtu mzima aliyekuchamba, yule usimchukie, ndo pekee aliyekwambia ukweli usoni wenzake wakinong'ona. Kaa nae kwenye mchanga muulize, mzee, hapa kinachowaudhi ni nini? Afu funga mdomo. Akisema mgao, usijitetee.

Kumbuka pia una faini yako ya 10,000 bandani, imelaminetiwa kabisa. We umechelewa mara ngapi tangu uiweke? Siombi ulipe zote utafilisika. Ila giza likianza, siku moja ukipitiwa, na utapitiwa, toa elfu kumi weka kwenye kopo la faini mbele yao, andika jina lako, endelea na kazi. Usihutubie. Usiwakusanye ukalia kwamba umebadilika, wavuvi wa ziwa hili wameshasikia manahodha wengi wakiokoka siku ya upepo na kurudia mambo yao siku maji yakitulia.

Kuhusu kufukuza watu, sijasema wote ni malaika. Inawezekana kati ya 12 yupo ambaye hata mgao ukitoka kwa wakati, ndoo zikihesabiwa na bosi yupo, ataendelea kuuza majini. Giza moja au mawili litakuonyesha ni nani, maana ndoo za mitumbwi miwili zitapanda na za mmoja zitabaki chini. Huyo muondoe, mmoja, mchana kweupe, umpe haki yake yote mpaka senti. Wenzake watakuelewa. Ukifukuza 12 leo ukaleta vijana wa Kayenze, ndani ya magiza matatu watakuwa wameshajua unaamka saa ngapi. Na habari ya mgambo achana nayo, mkigombana kweli mna viongozi wa BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi, hapo hapo mwaloni, kaanzie kwao.

Yule dogo anayekutumia meseji za ndoo usimsahau. Ana umri gani? Umemwachia kazi ya mtu mzima alfajiri na giza, katikati ya wanaume wanaojua anahesabu kwa niaba ya mtu aliyelala, sijui anapewa shilingi ngapi afumbe macho, na simlaumu. Mrudishe kwenye usingizi wake, au kama ni mkubwa na anataka kazi mfundishe betri.

Ukimaliza giza lote bila kukosa, jipongeze, sitanii. Nenda ukale sato mzima wa kukaanga na ugali wa muhogo ulipe kwa hela yako mwenyewe ambayo haijatoka kwenye petroli. Utaona ladha yake.

Laifujaketi vaa, hata kama unaenda kujaribu taa mita hamsini tu. Tumeshazika wengi ziwa hili, MV Bukoba 1996, MV Nyerere pale Ukara 2018, na wale wa mitumbwi ambao hawatangazwi kwenye redio.

Mwezi ukikua tena niandikie, ila safari hii usinielezee tabia za wavuvi. Niandikie ndoo ngapi, mgao ulitoka tarehe ngapi, na kopo la faini lina jina lako mara ngapi. Mama mdogo nisalimie.

Shangazi